Mali Kauli: Sifa za Kampuni na Hatima ya Supamaketi za Kenya

Sifa za kampuni ni yale mambo ambayo kampuni huwa nayo hata kabla wakurugenzi wake hawajaketi mezani: ukubwa wake, umri wake, ilikozaliwa, nani anaimiliki, inadaiwa na nani, na fedha iliyo mkononi mwake ni mali ya nani hasa. Mkakati hujengwa juu ya mambo hayo kama nyumba inavyojengwa juu ya kiwanja kilichopo. Kampuni ya ukoo haiamui kama kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa, na kampuni inayotumia fedha za watu haiamui kama ile inayotumia akiba yake. Katika Afrika Mashariki ni vigumu kupata biashara iliyoonyesha jambo hili wazi kuliko supamaketi za Kenya. Kati ya mwaka 2006 na 2022 karibu kila aina ya kampuni ilijaribiwa katika kazi hiyo moja, katika miji ile ile, mbele ya wateja wale wale: kampuni iliyoanzishwa na mashirika ya umma, kampuni za ukoo, kampuni zilizoingiza wawekezaji, na matawi ya kampuni za kigeni. Nyingine zilikufa, nyingine zikastawi. Soko lilikuwa moja, kwa hiyo sababu ya tofauti hiyo haina budi kutafutwa ndani ya kampuni zenyewe.

Supamaketi huishi kwa faida nyembamba na mzunguko wa haraka. Pakiti ya unga, chupa ya mafuta ya kupikia au mche wa sabuni humwachia mwenye duka shilingi chache tu. Anachotegemea ni wingi wa vitu vinavyopita kwenye kaunta kila siku. Mnunuzi hulipa papo hapo. Msambazaji hulipwa baadaye, baada ya siku 30, 60, wakati mwingine 90. Huu ndio utaratibu ambao wafanyabiashara wa Pwani huuita mali kauli: bidhaa hutoka kwa neno la mtu, na fedha hurudi baada ya kuuzwa. Misafara iliyoondoka Bagamoyo na Pangani katika karne ya 19 ilibeba nguo na shanga zilizokopwa kwa matajiri wa Unguja, na tajiri alimjua aliyemkopesha. Supamaketi iliugeuza utaratibu huo. Anayekopesha sasa ni mdogo, anayekopa ni mkubwa, na mara nyingi hawajawahi kuonana.

Hesabu yake inafaa kuelezwa polepole, kwa kuwa ndani yake mna siri ya mambo yote yaliyofuata. Tuseme duka moja linauza kila siku bidhaa zilizonunuliwa kwa shilingi milioni 1. Bidhaa hukaa rafuni siku 10, nao wasambazaji hulipwa baada ya siku 60. Wakati wowote duka hilo litakuwa linadaiwa na wasambazaji shilingi milioni 60, ilhali bidhaa zilizomo dukani ni za milioni 10 tu. Milioni 50 zilizobaki zimo katika akaunti ya duka, na mtu asiye mzoefu akiziona atadhani ni faida. Likifunguliwa duka la pili la namna hiyo, milioni 50 nyingine huingia hata kama duka hilo halijapata faida ya shilingi moja. Duka likiwa na hasara ya milioni 2 kila mwezi, hasara hiyo inaweza kufichika kwa miezi 25. Na kampuni ikizidi kufungua maduka mapya, inaweza kufichika kwa muda mrefu zaidi. Lakini wasambazaji wakiingiwa na hofu na kupunguza muda wa malipo kutoka siku 60 hadi 30, kampuni inatakiwa kutafuta milioni 30 kwa kila duka, na kuzipata mara moja.

Hapo ndipo sifa ya kifedha inapougeuza mkakati. Kampuni inayokaa na milioni 50 za watu huona kupanuka kuwa jambo jepesi, tena huona kusimama kuwa hatari. Inajenga duka litakalorudisha gharama zake baada ya miaka mingi kwa kutumia fedha inayodaiwa baada ya miezi miwili. Benki ikifanya hivyo, Benki Kuu huiuliza maswali. Supamaketi haikuwa na wa kuiuliza, isipokuwa wamiliki wake. Kwa hiyo swali la pili, baada ya lile la fedha ni ya nani, huwa ni nani anayemiliki na nani anaweza kumwambia mwenye kampuni hapana.

Supamaketi ya Uchumi ilianza na jibu lake mahususi. Ilianzishwa mwaka 1975 na mashirika matatu ya umma: ICDC, lililohusika na maendeleo ya viwanda na biashara, KNTC, shirika la taifa la biashara, na KWAL, kampuni ya vileo. Lengo lake lilikuwa la kitaifa: bidhaa za matumizi ya kila siku zifike kwa wananchi kwa bei nafuu, na wazalishaji wa Kenya wapate mahali pa kuuzia. Mwaka 1992 iliorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi, na kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo shule ya biashara hii nchini. Mameneja na wanunuzi waliofundwa pale walitapakaa katika kampuni nyingine zote.

Lakini kampuni yenye wenye hisa wengi na serikali nyuma yake hubeba sifa mbili zinazovutana. Upande mmoja, hesabu zake huchapishwa na kila mtu huzisoma. Upande wa pili, hakuna anayeuma kidole hasa inapopata hasara, kwa sababu kila mmoja anatazamia mwingine achukue hatua. Mwanzoni mwa Juni 2006 maduka ya Uchumi yalifungwa na kampuni ikawekwa chini ya mrasimu. Serikali ikaingilia, na maduka yakafunguliwa tena mwezi uliofuata. Hisa zilirudi sokoni mwaka 2011, na wengi, akiwamo mwandishi wa makala haya, waliliona tukio lile kuwa fahari ya nchi.

Kilichofuata kinasikitisha. Kampuni iliyookolewa iliamua kupanuka upya, ikajiorodhesha pia katika masoko ya hisa ya nchi jirani, na mwaka 2014 ikawauzia wenye hisa wake hisa zaidi ili kupata mtaji. Mwaka uliofuata bodi ilimwondoa mkurugenzi mkuu, na Oktoba 2015 Uchumi ikafunga matawi yake yote ya Uganda na Tanzania. Mtaji ulikuwa umeingia, lakini tabia haikubadilika. Umri wa kampuni una kazi gani hapa? Wanazuoni wa mashirika, tangu Arthur Stinchcombe mwaka 1965, wamesema kwamba mashirika machanga ndiyo yafayo kwa urahisi, kwa kuwa hayajajenga mazoea wala kuaminika. Uchumi ilikuwa na miaka 40. Umri uliipa jina na mazoea. Na miongoni mwa mazoea hayo lilikuwamo la kuamini kwamba mwisho wa yote kuna mtu atakayekuja kuokoa.

Nakumatt ilikuwa kinyume chake karibu katika kila jambo. Jina lenyewe ni historia: limetokana na mji wa Nakuru na magodoro, biashara ambayo ukoo wa Shah uliianza kabla ya kuingia katika supamaketi. Ilikuwa kampuni ya ukoo, na uamuzi wote ulikuwa wa Atul Shah na watu wake wa karibu. Kwa muda mrefu sifa hiyo ilikuwa nguvu. Kampuni isiyosubiri kikao cha wenye hisa huamua asubuhi na kuanza kazi mchana. Nakumatt ilifungua maduka ya saa 24 wakati Nairobi ilikuwa bado inafunga milango magharibi, ikawapa wateja kadi za pointi, ikajaza ghorofa nzima kwa vyombo, samani na televisheni. Ilifika Kigali mwaka 2008 na Kampala mwaka 2009. Mwaka 2014 ilinunua maduka matatu ya Shoprite yaliyokuwa Tanzania, na kampuni hiyo ya Afrika Kusini ikaondoka huko. Nembo yake ilikuwa ndovu, na kwa wakazi wa Nairobi wa miaka hiyo ndovu yule alikuwa ishara kwamba mji umekua. Watu walivaa vizuri kwenda Nakumatt siku ya Jumapili.

Ukubwa huo ulileta manufaa ya kweli ambayo hayafai kudharauliwa. Wenye majengo mapya walimtaka Nakumatt awe mpangaji mkuu, kwa kuwa mabenki yalikubali kukopesha mradi wa jengo lililokwisha kupata mpangaji wa namna hiyo, na wapangaji wadogo waliufuata ule umati wa watu. Kwa hiyo aliweza kupata masharti mepesi ya kodi. Wasambazaji nao hawakuweza kumkwepa: kiwanda ambacho bidhaa zake hazikuwa Nakumatt kilionekana kama hakipo. Kampuni ikafikisha zaidi ya matawi 60 katika nchi nne.

Mwaka 1959 Edith Penrose, mwanauchumi aliyeandika kitabu mashuhuri juu ya kukua kwa kampuni, alieleza kwamba kikomo cha kasi ya kukua kiko katika watu zaidi kuliko fedha. Meneja mpya lazima afundishwe na meneja wa zamani, na yule wa zamani akiwa anafundisha hawezi kusimamia. Kampuni ikiongeza maduka kuliko inavyoongeza watu wenye uzoefu, kila duka jipya huwa gizani zaidi kuliko lililotangulia: wizi wa ndani huongezeka, bidhaa zinazooza hazihesabiwi, oda huwekwa mara mbili. Nakumatt ilikumbana na jambo hilo katika nchi nne zenye sarafu nne na sheria za kodi nne. Iliongezewa pia misiba isiyokuwa ya kujitakia. Duka lake la katikati ya Nairobi liliteketea Januari 2009 na watu wengi wakafa. Na Septemba 2013 duka lake la Westgate, mojawapo ya bora zaidi, liliharibiwa katika shambulio la kigaidi lililoua watu 67.

Kampuni yenye mtaji wake huumia kwa misiba ya namna hiyo na baadaye hupona. Kampuni inayoendeshwa kwa fedha ya wasambazaji na mikopo ya muda mfupi haina nafasi ya kuugua. Nakumatt ilikuwa imekopa benki, na ilikuwa imekopa pia kwa kuuza hati za muda mfupi zisizokuwa na dhamana, ambazo zikiiva hulipwa kwa kutoa hati nyingine. Mpango wa kumuuzia mwekezaji wa nje robo ya hisa ulizungumzwa kwa miaka, lakini ulikuja kutafutwa kwa haraka wakati mnunuzi yeyote mwenye macho alikuwa ameshaiona hali. Hapa sifa ya umiliki ilikwisha kugeuka kutoka nguvu kuwa mzigo. Ukoo uliofaulu kwa kuamua peke yake ulichelewa kumkaribisha mtu mwingine chumbani. Katika kampuni iliyoorodheshwa, hesabu zilizokaguliwa zingetoka kila mwaka na wasambazaji wangezisoma. Katika Nakumatt walisoma rafu.

Nairobi ya mwaka 2017 inakumbukwa kwa rafu hizo. Kwanza ziliadimika bidhaa zinazouzwa haraka, unga, maziwa, sukari, kwa sababu wenye viwanda vikubwa ndio waliokuwa na uwezo wa kukataa kupeleka mzigo. Kisha wafanyakazi wakaagizwa kuvisambaza vitu vilivyobaki: karatasi za chooni zilijaza ukuta mzima, chupa za maji zikapangwa safu moja mbele ili nyuma pasionekane tupu. Wahudumu walisimama kwenye kaunta bila mteja, bado wamevaa sare safi, bado wanasalimia kwa adabu. Wenye majengo wakaanza kuchukua nafasi zao. Katika jengo la Thika Road Mall, mahali pa Nakumatt paliingia Carrefour. Januari 2018 mahakama iliiweka kampuni chini ya msimamizi kwa mujibu wa Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015. Januari 2020 wadai walipiga kura ivunjwe. Madeni yalikuwa zaidi ya shilingi bilioni 30.

Wasambazaji wadogo waliyajua mambo haya kwa njia nyingine, na kumbukumbu zao zina thamani kuliko ripoti nyingi. Mwandishi wa makala haya aliwahi kupeleka viungo vya chai na pilau, vilivyofungashwa katika karakana ya watu wachache, kwa kampuni moja ya maduka ambayo haitatajwa hapa. Makubaliano yalikuwa siku 30. Mwaka wa kwanza yalitimizwa bila hata kupigiana simu. Mwaka wa pili siku 30 zikawa 60, na aliyekuwa akijibu simu, mkuu wa manunuzi mwenyewe, akawa karani wake. Mwaka wa tatu malipo yakaja kwa hundi zenye tarehe ya mbele. Karani alikuwa kijana mpole, na jibu lake halikubadilika: “Mzee, njoo Ijumaa.” Ijumaa zikapita nyingi.

Dalili iliyokuwa wazi kuliko zote haikutambuliwa wakati ule. Kadiri malipo yalivyochelewa, ndivyo oda zilivyokua. Oda ya katoni 40 ikawa ya katoni 100, kisha 150. Msambazaji mchanga hufurahi na kusema duka linauza. Ukweli ni kwamba kampuni iliyoishiwa huhitaji bidhaa za watu kama gari linavyohitaji petroli: inachukua mzigo mpya wa mkopo, inauuza kwa fedha taslimu, na fedha hiyo inalipia deni la zamani la yule anayepiga kelele zaidi. Oda kubwa kutoka kwa mteja anayechelewa kulipa ni ombi la mkopo lililovaa nguo za biashara. Karakana ile ilikopa ili kununua iliki na mdalasini wa kujaza katoni 150, na haikulipwa. Wanawake wanne waliokuwa wakifungasha walirudi nyumbani bila mshahara wa mwezi wa mwisho. Jambo hilo halisahauliki, na ndilo linalofanya somo hili la sifa za kampuni lisiwe la darasani tu.

Tuskys inaonyesha upande mwingine wa kampuni ya ukoo: urithi. Nayo ilitoka eneo la Nakuru, katika mji mdogo wa Rongai, na mwasisi wake, Joram Kamau, alifariki mwaka 2002 akiwaachia watoto wake saba biashara iliyokuwa inakua vizuri. Mwasisi huwa na mamlaka yasiyoandikwa popote. Akisema jambo, linakwisha. Watoto saba wana hisa, lakini hawana neno la mwisho. Ugomvi wa ndugu ulifika mahakamani na kudumu miaka, na katika miaka hiyo kila uamuzi mkubwa, kama vile kuingiza mtaji au kuuza sehemu ya hisa, ulipitia kwanza katika kidonda hicho. Mwaka 2017 Tuskys ilijitokeza kuiokoa Nakumatt kwa mpango wa kuungana; mpango huo ukavunjika. Nakumatt ilipoanguka, Tuskys ikawa kubwa kuliko zote, na ukubwa ule ukawavuta tena wasambazaji kutoa mali kauli. Mwaka 2020 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliingilia kati kwa ajili ya wasambazaji wasiolipwa, na duka baada ya duka likafungwa. Haikupita miaka mitatu tangu mahakama iiweke Nakumatt chini ya msimamizi. Wasambazaji wengi walioumia mara ya kwanza waliumia tena, na si haki kuwalaumu sana: mwenye kiwanda akikataa kumuuzia mnunuzi mkubwa kuliko wote, amuuzie nani?

Naivas ndiyo inayozuia hitimisho la haraka kwamba kampuni za ukoo hazifai. Nayo ni ya ukoo, nayo ilizaliwa Rongai, mwaka 1990, na mwasisi wake, Peter Mukuha Kago, alifariki mwaka 2010. Nayo ilikuwa na mzozo wa ndugu: mwaka 2013 kampuni ya Massmart ya Afrika Kusini ilitaka kununua hisa nyingi, na kesi ya familia ikaukwamisha mpango huo. Kwa sifa za nje, Naivas na Tuskys zilikuwa kama pacha. Kilichozitenganisha ni mambo mawili. La kwanza ni kasi. Wakati wenzake walipokuwa wanavuka mipaka kwenda Kampala na Dar es Salaam, Naivas ilibaki Kenya, ikafungua maduka mahali ambapo malori yake yangeweza kufika na kurudi, na mameneja wake wangeweza kukagua kwa macho. La pili ni mtaji wa kudumu. Mwaka 2020 ukoo ulikubali kuuza asilimia 30 ya hisa kwa wawekezaji wakiwamo Amethis na IFC. Mwaka 2022 kundi jingine, likiongozwa na IBL ya Morisi pamoja na Proparco na DEG, lilichukua asilimia 40, na mwaka 2023 likaongeza hadi 51. Ukoo ukawa haumiliki tena sehemu kubwa ya kampuni uliyoianzisha. Wapo wanaoliona hilo kuwa hasara. Lakini kampuni ilipata watu wenye haki ya kuuliza maswali katika bodi, na fedha isiyokuwa na tarehe ya kurudishwa. Matawi yake sasa yamepita 100.

Quickmart ilipita njia iliyofanana na hiyo kwa haraka zaidi: mfuko wa uwekezaji wa Adenia uliinunua na kuiunganisha na Tumaini, kampuni nyingine ya maduka. Jambo linaloziunganisha Naivas na Quickmart ni kwamba zote zilimkaribisha mgeni zikiwa na afya. Mwekezaji anayeingia wakati kampuni inapumua vizuri hununua sehemu ya siku zijazo. Anayeitwa wakati rafu ni tupu huombwa alipe madeni ya jana, na mwenye akili hukataa.

Michael Jensen na William Meckling, katika makala yao ya mwaka 1976, walieleza gharama inayotokea pale anayeamua na anayebeba hasara wanapokuwa watu tofauti. Kwa kawaida mfano hutolewa kwa mameneja na wenye hisa. Supamaketi za Kenya zinaupanua mfano huo: aliyebeba hasara hakuwa mwenye hisa tu, alikuwa mwenye kuku, mwoka mikate, mtengeneza sabuni, ambao hawakuwa na kiti katika bodi wala hesabu mkononi. Ndiyo maana inafaa msambazaji ahesabiwe miongoni mwa wenye mtaji, hata kama hajui kwamba ndivyo alivyo.

Kampuni za kigeni zinakamilisha picha, na hazihitaji maneno mengi. Choppies ya Botswana iliingia kwa kununua maduka ya Ukwala, ikaondoka mwaka 2020. Shoprite, iliyokwisha kuondoka Tanzania, ilifungua Nairobi mwishoni mwa 2018 na kufunga kabla miaka mitatu haijatimia. Game, iliyokuwa mali ya Massmart, ilifunga mwaka 2022. Zote zilikuwa na mtaji mkubwa. Sifa ambayo zilikosa ni ya mahali: kujua ni mtaa gani mama hushuka kwenye matatu akiwa na mia tatu mkononi, na anachotaka kununua kwa hiyo mia tatu kabla hajafika nyumbani. Carrefour, inayoendeshwa nchini na Majid Al Futtaim ya Dubai tangu 2016, ilifaulu pale wengine waliposhindwa, kwa sehemu kwa sababu ilikuta nafasi zilizoachwa na Nakumatt katika majengo bora, na kwa sehemu kwa sababu bidhaa zake nyingi ilizipata nchini.

Hata hivyo nguvu ya mnunuzi mkubwa haibadiliki kwa kubadilika mwenye duka. Sheria ya ushindani ya Kenya ilirekebishwa mwaka 2019 ili kuwalinda wauzaji dhidi ya wanunuzi wanaotumia vibaya ukubwa wao. Mamlaka ya Ushindani iliamua dhidi ya Carrefour katika malalamiko ya msambazaji wa mtindi, na Desemba 2023 ikaitoza faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1 kwa makosa ya namna hiyo. Ni hatua njema. Lakini sheria humfikia mkosaji baada ya kosa, na msambazaji anayepeleka katoni kesho asubuhi anahitaji kujua leo jioni.

Anachoweza kujua leo jioni si kidogo. Anaweza kuuliza nani anamiliki, na kama wamiliki wana ugomvi. Anaweza kuhesabu maduka mapya yaliyofunguliwa mwaka huu na kuuliza mameneja wake walitoka wapi. Anaweza kuwauliza wasambazaji wenzake wanalipwa baada ya siku ngapi, na kama siku hizo zinaongezeka. Anaweza kuitazama oda yake na kuuliza kwa nini imekua. Hakuna hata moja kati ya maswali hayo linalohitaji shahada, na wasambazaji wa Nairobi, Mombasa, Kampala au Dar es Salaam wakiyauliza kwa pamoja, mwenye duka atalazimika kuyajibu.

Mwaka 2019 Naivas ilinunua matawi sita ya mwisho ya Nakumatt kwa shilingi milioni 422. Zikigawanywa kwa madeni yote yaliyoachwa na kampuni ile, fedha hizo hazifiki senti moja na nusu kwa kila shilingi iliyodaiwa.